Fundi Ajibu: Injini Ipi kwa Datsun ya Baba?

Mwezi huu nimepata barua tatu zinazouliza jambo moja: gari la zamani la michezo, injini imechoka, niweke ipi? Ile ya Nakuru nimeijibu kwa urefu, maana gari analoliuliza huyu kijana nalijua tangu utotoni, na ushauri aliopewa umenikosesha usingizi.

SWALI

Mzee Fundi, salamu nyingi. Baba yangu alifariki mwaka juzi akaniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972. Ilikuwa imekaa chini ya turubai miaka 11. Nilibadilisha oili, plagi, betri na mipira ya maji, ikawaka, nikaizoea polepole hapa mjini. Mwezi wa tatu nikaipeleka Nairobi. Nikipanda kutoka Naivasha, kabla sijafika Kinungi, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, nami nikaendelea kama kilomita mbili nikitafuta mahali pazuri pa kuegesha. Tangu siku hiyo inatoa moshi mweupe, na ukichomoa kijiti cha oili unaona kitu kama chai ya maziwa.

Fundi wangu anasema niitupe hiyo injini niweke 1JZ ya Toyota Mark II. Mwenzake anasema RB25 ya Nissan yenye turbo. Binamu yangu Mombasa ameona injini ya L28 iliyotolewa kwenye Nissan Patrol ya zamani. Mimi nataka gari la kuendesha Jumapili na mke wangu, na siku moja nilipeleke kwenye maonyesho ya Concours pale Ngong Racecourse. Nichague ipi?
Msomaji, Nakuru

JIBU

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Na ahsante kwa kuniandikia kabla hujaitoa injini, kwa sababu wengi huniandikia wakati bloku imeshauzwa kwa kilo.

Nilikulia Taita. Kila Pasaka magari ya Safari Rally yalipopita milimani kwetu, sisi watoto tulikuwa tumeshapanga mawe ya kukalia tangu alfajiri. Tulikuwa tunabashiri gari kwa sauti kabla halijatokea kwenye kona. Sauti ya 240Z haikumpoteza mtu. Ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, mlio wake ni kama kitambaa kizito kinachochanwa mfululizo bila kukatika. Gari hilo lilishinda Safari mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa ndani, na la pili mwaka huohuo lilikuwa 240Z pia, la Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta akashinda nalo mwenyewe, safari hii akiwa na Lofty Drews. Injini iliyofanya kazi hiyo kwenye matope na vumbi letu ni ndugu ya hiyo unayoambiwa uitupe.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: nani amekuambia imekufa?

Uliyoyaeleza, moshi mweupe na oili ya rangi ya chai, yanasema jambo moja tu, kwamba maji yamepata njia ya kuingia yasikotakiwa. Njia hiyo mara nyingi ni gasketi ya hedi, yaani ile iliyo kati ya bloku na kichwa cha injini. Katika injini yako ya L24 bloku ni chuma cha kalibu na hedi ni alumini. Ikichemka, alumini ndiyo inayopinda kwanza. Hedi iliyopinda inaweza kunyooshwa, hata iliyopasuka inaweza kupatikana nyingine. Bloku yenyewe ni ngumu mno kuiua.

Usiiwashe tena. Hili nalisema kwa msisitizo, maana najua utashawishika kuiwasha kidogo tu usikie. Maji yakichanganyika na oili hayalainishi beringi, yanazila, na krenkishafti ya L24 imekaa juu ya beringi kuu saba ambazo hutaki kuzinunua zote. Mwaga ile oili yote, weka oili safi ya bei nafuu, kisha pima kampresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya kila silinda, kwa kuzungusha stata peke yake, plagi zote sita zikiwa nje na mguu umekanyaga mafuta mpaka chini.

Hapo fundi wako asije akakutisha. Kitabu kinasema injini hii ikiwa nzima hutoa pauni 170 na zaidi kidogo kwa inchi mraba. Lakini Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa yake ni pungufu kwa kama moja ya tano ya ile ya Mombasa, kwa hiyo geji ikikuonyesha pauni 135 au 140 hiyo ni injini yenye afya. Nimeona watu wakitoa injini nzima Nakuru na Eldoret kwa sababu walisoma kitabu kilichoandikwa pwani ya Japani. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Kama tano ziko 138 na moja iko 80, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la hiyo moja upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua kati yake.

Baada ya hapo unafungua hedi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Injini hii inatumia cheni ya taimingi, na ndani ya kifuniko cha mbele kuna kikaza cheni chenye springi. Ukifungua gia ya kemshafti bila kushikilia cheni, cheni inalegea, na kile kikaza kinaruka nje. Hukioni, unakisikia tu: tap! Nilikuwa na miaka 19, gereji moja Mombasa, nilipousikia mlio huo kwa mara ya kwanza. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili, maana kukirudisha ni lazima utoe radieta, puli, kifuniko cha mbele chote, na ulegeze sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Dawa yake ni kipande cha mbao. Chonga ubao mgumu, urefu kama sentimita 25, umbo la kabari ndefu, juu pana chini pembamba. Mimi changu ni cha mvule, nimekitumia zaidi ya miaka 30 na kimekuwa cheusi kwa oili. Funga kamba juu yake ili kisije kikatumbukia. Kishindilie katikati ya pande mbili za cheni, kutoka juu kwenda chini, mpaka cheni ikaze na isisogee ukiisukuma kwa kidole. Paka rangi nyeupe kwenye pingili ya cheni na jino la gia linalokutana nayo, ndipo ufungue ile bolti ya gia. Kabari haitoki mpaka hedi irudi. Na zile nguzo zinazobeba kemshafti juu ya hedi usiziguse. Zimepangwa kiwandani kwenye mstari mmoja na hedi hiyohiyo, na ukizitoa, kuzirudisha pale zilipokuwa ni kazi ya kulia.

Hedi ikishatoka, isafishe, weka rula ya chuma juu yake kwa urefu na kwa mshazari, kisha jaribu kupitisha fila geji ya milimita 0.1. Ikipita, hedi inakwenda karakana ya mashine ikasawazishwe. Waambie wakate kidogo iwezekanavyo, kwa sababu kila unachokata kinashusha kemshafti na kulegeza cheni. Silinda nazo zipimwe. Asili yake ni milimita 83. Zikiwa zimelika, bloku hii inachongwa ikapokea pistoni kubwa zaidi bila malalamiko. Fungua sampu utazame beringi kadhaa. Zikiwa na mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, badilisha.

Nina matumaini makubwa kwamba utaishia hapo, na injini ya baba yako itarudi barabarani.

Sasa tuchukulie kwamba haikuwa hivyo, bloku imepasuka au pistoni imetoboa ukuta. Basi chukua ile ya binamu yako, L28, na sababu zangu ni hizi.

L24 yako ina ujazo wa sisi (cc) 2393. L28 ina 2753, na ni injini ileile iliyopanuliwa: silinda milimita 86 badala ya 83, mwendo wa pistoni 79 badala ya 73.7. Inakaa kwenye mauntingi zako, inajifunga na giaboksi yako, inapokea kabureta zako mbili za Hitachi na ekzosi yako. Hutakata chuma hata mahali pamoja. Ukifungua boneti, mtu asiyejua hatajua, na anayejua ataona ndugu wa damu, kwa sababu Datsun wenyewe waliiweka L28 kwenye 280Z, gari lenye bodi hiyohiyo.

Halafu kuna hewa. Kwa mwinuko wa Nakuru, L24 yako inavuta hewa kama injini ya lita 1.9 iliyoko Mombasa. L28 hapohapo Nakuru itavuta kama ya lita 2.2. Ile nguvu baba yako aliyoisikia kila aliposhuka pwani, wewe utakuwa nayo karibu yote ukiwa nyumbani. Kwa kupanda Kinungi hiyo inatosha kabisa.

Ila injini ya Patrol si ya kuchomoa na kuchomeka. Sampu yake imetengenezwa kwa chasi ya Patrol, kwa hiyo hamisha sampu yako pamoja na bomba lake la kunyonyea oili. Mikono ya mauntingi na flaiwili navyo vihamishe kutoka L24. Klachi nunua mpya, kwa kipimo cha gari lako. Sindano za kabureta zitahitaji kubadilishwa, maana injini kubwa inataka petroli zaidi.

Kabla binamu yako hajatoa pesa, mwambie apige picha mbili. Ya kwanza ni namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku, ianze na L28. Kama sehemu hiyo imesuguliwa na msasa, aondoke, hata kama bei ni ya kutupa. Ya pili ni alama iliyo kwenye hedi, kati ya plagi ya kwanza na ya pili: E31, E88, N42, N47, P79, P90, mojawapo kati ya hizo. Alama hiyo ina maana kubwa. Hedi za zamani za 240Z zina vyumba vidogo vya kuchomea. Ukiichukua hedi yako ya E31 au E88 ukaifunga juu ya L28 yenye pistoni za kichwa bapa, mbano unapanda kupita kiasi. Nakuru hutasikia kitu, hewa ni nyepesi. Utashuka Mombasa kwa furaha, na Mariakani injini itaanza kugonga kama mtu anayepiga hodi kwa sarafu. Pistoni za L28 zenye kibonde juu zinaafikiana zaidi na hedi ndogo. Kwa hiyo usinunue bloku kabla hujachungulia juu ya pistoni kwa tochi kupitia tundu la plagi.

Nizungumzie 1JZ na RB25, maana fundi wako si mwongo. Ni injini nzuri, nimezifunga nyingi kwenye magari mengine. 1JZ-GE ya Mark II ni imara, spea zake zimejaa Kirinyaga Road, na RB25DET ya Skyline R33 ina nguvu za farasi 250 tangu kiwandani. Lakini fikiria gari lako lilivyo. Lina uzito wa tani moja na kidogo, breki za diski mbele na ngoma nyuma, difu ya R180, tangi la mafuta lililotengenezwa kwa kabureta, na bodi ya miaka zaidi ya 50 ambayo chini ya rangi hujui kutu imefika wapi. Limetengenezwa kwa farasi 151, tena kwa hesabu ya ukarimu ya wakati ule. Ukiweka 250, siku hiyohiyo unadaiwa breki, propela ya kupimwa upya, radieta, pampu ya mafuta ya presha kubwa, na waya kutoka kwenye kompyuta ya injini mpaka kwenye kila kihisio. Injini unaweza kuipata kwa bei nzuri. Hivyo vingine ndivyo vitakavyofanya gari likae tena chini ya turubai, likiwa nusu limekatwa. Nimeyaona magari matatu ya namna hiyo, na hakuna hata moja lililowahi kurudi barabarani.

Na mtu akikuambia "1JZ" tu, muulize ipi. GE ni ya kawaida. GTE ina turbo. FSE, iliyokuja na Mark II za mwaka 2000 kuendelea, inamimina petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo haipendi mafuta machafu. Kwa nje ndugu hao watatu wanauzwa kwa jina moja.

Kuhusu Concours, majaji watafungua boneti. Karibu na nguzo ya shoki kuna kibati kilichoandikwa aina ya gari, HS30, ukubwa wa injini, namba ya injini na namba ya gari. Siku namba ya kibati na namba ya bloku zinapokubaliana, gari lako ni zima kama lilivyotoka kiwandani, na magari ya namna hiyo yamebaki machache. Ndiyo sababu nasema, hata ukiweka L28, bloku ya baba yako usiiuze. Ipake grisi kila mahali penye chuma kitupu, ifunge kwa plastiki nzito, iweke juu ya mbao ndani ya stoo kavu. Teknolojia ya kuunganisha chuma cha kalibu inazidi kupatikana, na wewe au mtoto wako mnaweza kuirudisha.

Namba ya injini iko pia kwenye logibuku. Ukibadilisha injini, weka risiti, peleka mabadiliko NTSA, gari likaguliwe, na logibuku isomeke kilichomo. Usisubiri mpaka askari wa barabarani au bima wakuulize.

Niandikie ukishafungua hedi. Nitumie picha ya gasketi ya zamani, pande zote mbili. Nitakuambia maji yalipitia wapi.

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Zanzibar, naishi Leicester, Uingereza. Nina MGB ya wazi ya mwaka 1971. Nikiwa barabara kuu ya M1, kwa maili 70 kwa saa, injini inalia mpaka siwezi kuzungumza na aliyekaa pembeni yangu. Nafikiria kuitoa niweke V8 ya Rover. Nasikia kiwanda chenyewe kiliwahi kufanya hivyo. Ni kweli? Na ni busara?
Msomaji, Leicester

JIBU

Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Kati ya 1973 na 1976 kiwanda kilitengeneza MGB GT V8 zipatazo 2,591, kwa injini ya Rover ya sisi 3528. Bloku yake ni alumini, kwa hiyo uzito wake hauzidi sana ule wa injini yako ya chuma yenye silinda nne. Ndiyo maana V8 hiyo haikuiharibu pua ya gari.

Lakini wewe hujalalamika kwamba gari halina nguvu. Umelalamika kwamba linalia. MGB isiyo na ovadraivu, ile gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini, kwa maili 70, injini inazunguka karibu mara 3,900 kwa dakika. Yenye ovadraivu, kwa mwendo uleule, ni karibu 3,200. Tofauti hiyo utaisikia masikioni na kwenye petroli. Giaboksi zenye ovadraivu ya Laycock zimejaa huko Uingereza, za mitumba na zilizofanyiwa upya, na kuna watu wanaofunga giaboksi za gia tano kwa ajili ya MGB. Anzia hapo. Nakuhakikishia shauku ya V8 itapungua nusu.

Pesa utakayobakiza iweke kwenye injini uliyonayo. Ya 1971 ina beringi kuu tano, ile imara. Hedi yake ni ya chuma na ilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, kwa hiyo ukiifungua mwambie fundi atie viti vigumu vya valvu upande wa ekzosi. Bila hivyo petroli ya leo itazizamisha valvu polepole, nawe utakuwa unarekebisha nafasi zake kila mara bila kujua kwa nini zinabana.

Ukiwa bado unaitaka V8, jua kwamba bodi zenye bampa za mpira, za kuanzia mwisho wa 1974, zilibadilishwa kwenye chumba cha injini ili ziipokee. Yako ni ya bampa za kromu. Itabidi ukate na kuchomelea sehemu za ekzosi na usukani. Na kwa sheria ya huko, gari lililopita miaka 40 haliendi MOT, ukaguzi wa kila mwaka, mradi halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa. Injini yenye idadi nyingine ya silinda inaweza kuhesabiwa hivyo. Wapelekee DVLA, wasajili wa magari wa huko, namba na ukubwa mpya wa injini, na uulize hilo la MOT kabla ya kukata, usije ukauliza baada.

SWALI

Fundi, shikamoo. Niko Tanga. Nina Celica ya 1974, injini 2T, imechoka, inakula oili lita moja kila nikienda Lushoto na kurudi. Jamaa ananiuzia 4A-GE kutoka kwenye Corolla ya kuvuta mbele. Anasema ni sisi 1600 kama yangu, kwa hiyo itaingia tu. Niichukue?
Msomaji, Tanga

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Sisi zinalingana kweli, 2T ni 1588 na 4A-GE ni 1587, lakini hapo ndipo ulinganifu unapokoma. Injini ya kuvuta mbele imekaa kwa ubavu ndani ya gari lake. Ukiigeuza ikae kwa urefu ndani ya Celica, tokeo la maji na distributa vinaangukia nyuma, vinagonga bodi inayotenganisha injini na kabini. Lazima utafute tokeo la maji la kuelekea mbele, mauntingi za kutengeneza, giaboksi inayoipokea, pampu ya mafuta na kompyuta. Watu wanafanya, na ikikamilika ni raha tupu kwenye kona za Lushoto. Lakini kama gari hilo ndilo linalokupeleka kazini, usilifungue kwa ajili ya hiyo.

Tafuta 3T. Ni ya ukoo uleule wa 2T, sisi 1770, silinda zilezile za milimita 85 lakini pistoni inasafiri milimita 78 badala ya 70. Kwa kupanda mlima, mwendo huo mrefu wa pistoni ndio unaoutaka. Ilikuja kwenye Carina na Corona za mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, na hutumia mauntingi na giaboksi yako. Distributa na kabureta zote zitakuwa vitu ambavyo fundi yeyote wa Tanga anavijua kwa macho yaliyofungwa. Kadi ya gari uirekebishe TRA, namba ya injini na ukubwa wake.

Ukiipata, nenda na spana ya puli, plagi zitolewe, na uizungushe krenkishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Izunguke laini bila kukwama popote. Kisha shika puli kwa mikono miwili, isukume ndani na kuivuta nje. Ukisikia inacheza na kugonga, mrudishie jamaa injini yake. Isipocheza, fungua kifuniko cha oili, ingiza kidole chini ya mdomo wake, ukitazame. Oili nyeusi si neno. Matope ya rangi ya chai usiyachukue, kwa sababu ya huyu mwenzako wa Nakuru.